Muulize Mwalimu: Kijidudu cha nyuzi 122 na otoklevu ya wadi ya wazazi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa wadi ya wazazi, Tanga. Chuoni tulifundishwa kwamba mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 ndani ya otoklevu, ile mashine ya kuulia vijidudu kwenye vifaa, unaua kila kilicho hai. Sasa kijana wangu wa kidato cha tano ananibishia: eti kuna kijidudu cha baharini kinachozaliana kwenye nyuzi 122, tena bila oksijeni. Je, makasi na vibanio vyetu ni salama?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kijana wako kasema kweli, mpe hongera yake. Lakini makasi yako hayamo hatarini, labda kwa sababu nyingine nitakayoifikia.

Kijidudu hicho ni Methanopyrus. Kilielezwa mwaka 1991 na kundi la watafiti akiwemo Mjerumani Karl Stetter, kikitokea kwenye chemchemi za moto za Ghuba ya California, kina cha mita 2,000 hivi. Aina iliyoweka rekodi, hata hivyo, ilitoka kwenye Bahari yetu ya Hindi: eneo la Kairei, mbali huko mashariki ya Mauritius, zaidi ya mita 2,400 chini, ambako maji meusi yenye joto la nyuzi 360 hivi hufoka kutoka kwenye mabomba ya mawe. (Huko huko kuna konokono aliyevaa magamba yenye madini ya chuma mguuni. Siku nyingine tutamzungumza, maana nikianza leo simalizi.) Mwaka 2008 Wajapani wakiongozwa na Ken Takai walikiotesha maabara kwa nyuzi 122.

Hapo ndipo pa kumbana kijana wako: muulize, kwa kani gani, yaani presha gani? Walikikandamiza kwa kani inayokaribia mara 200 ya hii hewa inayotuzunguka, ili kuiga kilindi. Kwenye kani ndogo ya kawaida ya maabara, kilikoma kuongezeka kwenye nyuzi 116. Otoklevu yako ni presha kuka kubwa tu. Kani yake ni kama mara mbili ya hewa ya kawaida.

Kuhusu oksijeni, kwake ni sumu. Chakula chake ni hidrojeni, ambayo kule Kairei huzalishwa maji ya moto yanapokutana na miamba. Huiunganisha na kabonidioksaidi, hupata nguvu kidogo, na hutoa methani, gesi ileile ya mitambo ya samadi. Hakihitaji mwanga, sukari wala damu ya mtu. Tena si bakteria. Ni arkea, kundi la vijidudu vya seli moja ambalo mwanabiolojia Mmarekani Carl Woese alilitenga na bakteria mwaka 1977, na sijui arkea hata mmoja anayejulikana kwa hakika kumwambukiza binadamu ugonjwa. Chini ya nyuzi 80 Methanopyrus hakizaliani kabisa. Mama mwenye homa ya nyuzi 40, kwake huyo ni barafu.

Ukitaka cha kuogopa kisichopenda oksijeni, kipo karibu zaidi: bakteria wa pepopunda, anayekaa kwenye udongo wa uani na kuingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Mbegu zake ngumu hustahimili maji yanayochemka, ila nyuzi 121 kwa dakika 15 huziua, mradi mvuke uzifikie. Mara nyingi haufiki. Hewa ikibaki ndani, geji ya kani itapanda vizuri huku joto likiwa pungufu. Vifurushi vikibanwa, vya katikati havipati mvuke. Na ile tepu inayobadilika rangi, mnayoibandika nje, haisemi lolote juu ya kilichotokea ndani ya kifurushi. Dai kipimo cha kuweka ndani, kati ya vifaa, na kile cha mbegu za bakteria cha kuijaribu mashine yenyewe.