Nyani wa Mashoto Shambani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nalima nyanya Ngarenanyuki, jirani na Hifadhi ya Arusha. Kuna nyani jike, mkia umekatika, ambaye kila akiingia shambani huchuma kwa mkono wa kushoto. Shemeji yangu anashikilia kwamba nyani wote ni wa mashoto. Ni kweli?
– Mkulima, Ngarenanyuki

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umetazama vizuri kuliko wageni wengi niliowahi kuwatembeza Momella, ndani ya hifadhi hiyo, waliokuwa wakipiga picha moja tu na kutaka gari liondoke.

Jike wako huenda ni wa mashoto kweli, ila shemeji amezidisha. Kila nyani anaweza kuwa na mkono wake anaoupendelea, na mkono huo hujitokeza zaidi kazi inapokuwa ngumu. Kuchuma nyanya ni kazi nyepesi. Mkono ulio karibu na tunda ndio unaotangulia, na kama wa kulia umemshika mtoto, unabaki wa kushoto.

Huko Rousset, Ufaransa, watafiti waliwapa nyani wa aina hii hii ya kwetu bomba lenye chakula ndani: mkono mmoja ushike, kidole cha mwingine kichokoe. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Waliochokoa kwa kulia walikuwa wengi zaidi, ingawa si kwa kiasi cha sisi binadamu, ambao karibu 9 kati ya 10 hutumia kulia.

Kwa sokwe ndiko kunakonifurahisha zaidi. Mwaka huohuo watafiti Elizabeth Lonsdorf na William Hopkins walionyesha kwamba sokwe wa Gombe, kule Kigoma, wakivua mchwa kwa kijiti, wengi hutumia kushoto. Wale wa Afrika Magharibi wanaopasua kokwa kwa mawe huelekea kulia. Kwa hiyo ukitaja mkono bila kutaja kazi, hujasema kitu bado.

Mtazame jike wako anapomchambua mwenzake manyoya. Mkono mmoja hutenganisha, mwingine huokota. Andika ule unaookota. Mbega mwache kando, maana kidole gumba chake ni kijinundu tu. Na nakusihi, usimtupie nyanya ili umpime! Nyani akizoea chakula cha mtu huwa msumbufu kwa kijiji kizima, na mwisho wake huuawa. Kumbukumbu zako zikifika mwezi mzima, niletee nizisome.