Fundi Anajibu: Kompyuta mpya kwenye Subaru ya tabo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX STI niliyoagiza Japani. Nimenunua kompyuta ya injini ya kampuni ya Link, ile inayochomekwa kwenye soketi zilezile za zamani, pamoja na nozeli kubwa za kupulizia petroli. Fundi wangu wa Gerezani anataka kuweka faili la mipangilio ya gari jingine kama langu, halafu tukaijaribu usiku Barabara ya Bagamoyo. Ni sawa? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Faili la gari jingine ni la kuwashia injini tu, si la kukanyagia. Nozeli zako zina ukubwa wake na zinachelewa kufunguka kivyake, na ucheleweshaji huo huongezeka volti za betri zikishuka. Fundi asipouingiza kwenye kompyuta, silesa (mzunguko wa injini usipokanyaga) itayumba kila ukiwasha AC na taa.

Kabla ya hapo, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne. Zikipishana sana, hela ipeleke kwanza kwenye injini.

Injini ikiwaka, fundi aifunge taiming (wakati plagi inapotoa cheche) kwenye digrii 10 kupitia kompyuta, kisha aimulike puli ya krenki kwa taa ya taiming. Alama nayo isome 10. Ikisoma 14, basi kila namba atakayoandika baadaye imezidi digrii nne bila yeye kujua, na injini ya tabo (feni inayoisukumia hewa) ikilemewa inaweza kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo, hadi ikavunja pistoni. Ni kazi ya dakika chache, na inaniuma kuona mafundi wanairuka.

Usiku wa Bagamoyo siukubali. Kuna bodaboda zisizo na taa, halafu hewa ya usiku ni ya baridi. Intakula ya Subaru yako (kipoza hewa ya tabo) imekaa juu ya injini. Kaa kwenye foleni ya Tazara saa tisa mchana uone inavyochemka. Foleni ikifunguka ukakanyaga, injini inavuta hewa ya moto, na taiming iliyopangwa usiku inakuwa kubwa mno. Kompyuta ipangwe kupunguza taiming joto la hewa linavyopanda. Kumbuka pia gari hilo liliundwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu, inayostahimili kugonga.

Tafuta daino (mashine ya kupimia gari likikimbia papo hapo), na sensa ya waidibendi, inayopima mchanganyiko wa hewa na petroli, iwe imefungwa kwenye ekzosi. Tabo ikisukuma kwa nguvu zote, hewa kwa petroli iwe karibu 11.5 kwa 1. Anzeni na presha ya springi ya westigeti (vali inayozuia presha ya tabo isizidi) peke yake, msome rekodi pamoja, ndipo muongeze.