Pipi za Halloween: zipi watoto wanagombania na zipi zinaishia kwenye dastibini

Mkuu mleta mada, umesema mmehamia Ohio huku Marekani majuzi, jirani kawaambia mwisho wa Oktoba watoto watapita wanagonga mlango kuomba pipi, na shemeji yetu anataka awape ndizi na zile zabibu kavu za viboksi ili wasioze meno. Aisee mzuie mapema. Mimi niko Columbus, humu humu Ohio, miaka mingi, watoto wangu wamekulia huku, nagawa mlangoni na pia nakiona kinachorudi nyumbani kwenye foronya (ndio mfuko wao wa kukusanyia pipi), so nitakwambia vile ilivyo.

Mtoto akirudi usiku ule hali kwanza. Anamwaga kila kitu kwenye zulia, anapanga kwa aina, halafu mnada unaanza. Mkubwa wangu alikuwa anakaa Reese's zake kazificha chini ya goti, mdogo wake anamsogezea Tootsie Roll moja (kapipi ka kutafuna), anatikisa kichwa, tatu, anatikisa kichwa, anasogeza lundo zima na bado jamaa hata haangalii, mpaka itokee Kit Kat ndio anainua goti kidogo anatoa kamoja, tena kale kaliyobonyea. Ukitaka kujua thamani ya pipi kaa hapo uangalie, usisome mabango ya supamaketi.

Kwenye hilo zulia Reese's ndiyo dola. Ni kikombe kidogo cha chokoleti, ndani siagi ya karanga yenye kachumvi kwa mbali. Aliyeianzisha ni H.B. Reese mwaka 1928, alikuwa kafanya kazi kwa Hershey, kampuni kubwa ya chokoleti kule Pennsylvania, na 1963 kampuni yake ikaja kununuliwa na Hershey hao hao. Na hapa Ohio ndio usiseme, maana kitu wanachojivunia jimbo zima kinaitwa buckeye, donge la siagi ya karanga lililochovywa kwenye chokoleti, kwa hiyo hawa watoto ladha hiyo wamezaliwa nayo. Baada ya hapo zinafuata Snickers, Twix, M&M's na Kit Kat (ya huku inatengenezwa na Hershey kwa leseni, siyo Nestlé kama mliyozoea, na mimi naonaga tofauti ingawa mke wangu anasema najifanya).

Halafu nikutahadharishe, Hershey's yenyewe ile ya kawaida isiyo na kitu ndani ukiionja mara ya kwanza utadhani imeharibika, ina kauchachu fulani ka maziwa. Haijaharibika, ndivyo ilivyo. Sisi tuliokulia Cadbury tunaikunjia uso, wao wanaipenda hivyo hivyo.

Sasa zinazochukiwa. Candy corn ndiyo inaongoza kwa ugomvi, zile punje za rangi tatu, nyeupe, chungwa na njano. Zaidi ni sukari na sharubati ya mahindi, ipo tangu karne ya 19, na zamani kuna kampuni ilikuwa inaiuza kwa jina la Chicken Feed, yaani chakula cha kuku. Nadhani hata kuku wa kienyeji angeipita. Wazee wa huku wanaitetea sana, ila mtoto ukimpa anasema thank you kwa adabu na anaibwaga ngazi ya pili. Kuna pia pipi za siagi ya karanga zilizoviringishwa kwenye karatasi nyeusi na chungwa bila jina lolote, ngumu, zinang'ang'ania meno. Kuna Good & Plenty na jamaa zake wote wa licorice nyeusi (pipi za mzizi fulani, ladha kama dawa). Smarties za huku siyo zile za chokoleti unazozijua, ni vidonge vya unga wa sukari, siyo kwamba wanazichukia ila zinabaki mpaka Krismasi. Zabibu kavu na mswaki (ndiyo, kuna madaktari wa meno wanagawa miswaki) hizo sizungumzii.

Almond Joy naiweka peke yake kwa sababu hapa ndio mtego wetu. Ina nazi ndani na lozi juu, imefunikwa chokoleti. Kwangu mimi mtu wa Tanga ambaye kashata ya nazi ilikuwa ndiyo pipi, hiyo ni tuzo. Watoto wa Kimarekani wengi wanaichukia kabisa, wanaisukumia wazazi. Nyumbani kwetu hakuna hata mjadala, zote ni za baba. Shida ni kwamba mifuko mingine ya mchanganyiko inawekwa humo humo pamoja na Reese's na Kit Kat, kwa hiyo soma mfuko kabla hujaweka kwenye toroli, nje picha ni Reese's kubwaa, ndani unakuta nyingine ndio zimejaa.

Usitengeneze chochote nyumbani. Najua shemeji ana mkono wa visheti, lakini huku kitu kisicho na karatasi ya kiwandani mzazi anakitupa bila kukiangalia. Kila mtu kakua na hadithi za wembe ndani ya tufaha, na mwaka 1974 Texas kweli kuna mtoto alikufa kwa pipi yenye sumu, ila aliyeiweka alikuwa baba yake mwenyewe anatafuta hela ya bima, siyo jirani. Hofu ilibaki kwa majirani.

Karanga nazo zina kesi. Mzio wa karanga huku ni mambo ya hospitali kabisa, so weka bakuli la pili lenye stika, penseli, vile vibangili vinavyong'aa gizani. Ukiona boga limepakwa rangi ya bluu-kijani mlangoni kwa mtu maana yake ndiyo hiyo, hapo kuna vitu visivyo chakula, kampeni ilienea nchi nzima kuanzia 2014.

Na kwa wenzetu Waislamu waliouliza hapo juu: angalieni gelatini (ile inayofanya pipi ivutike, mara nyingi inatoka kwa nguruwe). Starburst za huku zinayo, candy corn nyingi pia zinayo. Sour Patch Kids, Swedish Fish na Skittles hazina, lakini geuza mfuko usome kila mwaka maana viwanda hubadilisha.

Bei imechangamka, kakao ilipanda vibaya 2024 na chokoleti ikapanda nayo. Kama hela haitoshi changanya, chokoleti nusu na pipi za uchachu nusu, Sour Patch kwa wakubwa wa middle school zinapokelewa vizuri tu. Gawa zile ndogo ndogo, zile chokoleti za saizi kamili usianze nazo, mtaa mzima utajua na mwakani watakuja kwa gari.

Siku yenyewe cheki tangazo la mji wako, vitongoji vingine vya hapa hufanya siku tofauti na 31, wanaita Beggars' Night, yaani usiku wa waombaji, mara nyingi saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Taa ya mlangoni ikiwaka maana yake karibuni, pipi zikiisha izime, hakuna atakayegonga. Tarehe 1 Novemba asubuhi nenda dukani, pipi zinashuka hadi nusu bei, na Almond Joy ndizo zinakuwa zimebaki nyingi.