Bonasi ya meneja na bei ya mnadani

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kwamba je, mshahara mnono wa bosi unaendana na faida ya kampuni na manufaa kwa jamii, limenikuta Newala nikiokota korosho. Zamani nilitunza vitabu vya chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima huku juu, kwa hiyo nitajibu kwa kilo na magunia.

Msimu mmoja mkutano mkuu ulikubali meneja alipwe posho ya ziada kwa kila kilo itakayopokelewa. Tukapiga makofi. Kilo zikaja kweli! Zikaja na zisizokauka, zikaja na zilizolala mvuani, maana aliyesimama kwenye mizani hakuwa na sababu ya kumrudisha mtu na gunia lake. Mzigo ulipofika ghala kuu, sehemu yake ikashushwa daraja, nyingine ikapungua uzito kwa kukauka, na upungufu ukaangukia malipo ya wakulima. Meneja hakuwa mwizi. Alifanya kile tulichomlipia, na posho alikuwa ameshaichukua.

Basi tumlipe kwa bei? Bei ya korosho haipangwi Newala. Mwaka 2017 mnadani ilikaribia shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka 2018 wanunuzi walikuja na bei ambazo wakulima walizikataa, hadi serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300. Mameneja ni walewale, mizani ni ileile. Ambaye angepewa bonasi ule mwaka wa neema angelipwa kwa mambo yaliyoamuliwa India na Vietnam, wanakobangua sehemu kubwa ya korosho zetu.

Wakubwa wa Marekani nao wamo. Mwaka 2001 wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti uliogusa kampuni za mafuta: bei ya mafuta ghafi ikipanda, jambo ambalo bosi hana mkono nalo, malipo yake nayo hupanda. Waliona pia kwamba penye mwanahisa mkubwa ndani ya bodi, malipo ya bahati namna hiyo hupungua. Hapo ndipo AMCOS zetu, yaani hivi vyama vya msingi vya wakulima, zinapolegea. Mwenye hisa kubwa hayupo, kila mtu ana kihisa chake kidogo, na kwenye mkutano mkuu wengi wetu tunasubiri soda na nauli. (Mimi nilikuwa nasubiri pia.)

Wapo wanaotaka kikomo tu, kama Rais Magufuli alivyotangaza mwaka 2016 kwamba mkuu wa shirika la umma asizidi milioni 15 kwa mwezi. Kinapoza hasira, sawa. Hakisemi huyo mkuu afanye nini kwa hizo 15.

Mimi ningemlinganisha meneja na wa chama jirani kilichouza kwenye mnada uleule. Bei ya dunia inawapiga wote, kwa hiyo tofauti inayobaki kati yao ndiyo ya kumhoji. Kwa upande wa jamii, nisingehesabu madawati; dawati moja hupigwa picha kumi. Ningeuliza dawa ya salfa ilifika kabla mikorosho haijatoa maua, au ilifika ugonjwa wa ubwiriunga umeshaila? Na baada ya mnada, fedha ziliingia kwenye akaunti za wakulima siku ya ngapi? Yote hayo yana tarehe, na mkulima hahitaji mkaguzi kumwambia.

Mwaka uliofuata nilipendekeza nusu ya posho ya meneja ingoje hadi stakabadhi za ghala kuu zirudi. Mwenyewe aliomba ajenda iahirishwe, akasema muda umekwenda. Tukaiahirisha. Soda zilikuwa zimeshafika.