Sampuli Kushika Mtandao Kariakoo Haitoshi

Jumatatu kijana wetu wa manunuzi aliniletea oda nisaini: simu 3,000, kiwanda kiko Shenzhen, China, sampuli "iko poa kabisa." Nikamuuliza ameipimia wapi. Akajibu, "Hapa hapa ofisini, bosi." Ni kijana mchapakazi, nampenda, lakini huyu ni wa tatu mwaka huu kunijibu hivyo. Wadogo zangu, kaeni tuongee.

1. Uliza bendi, yaani masafa ya mawimbi ya mtandao ambayo simu inaweza kuyashika, kabla ya bei. Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa Shenzhen kufunga oda. Nilizunguka Huaqiangbei, soko lao la vifaa vya elektroniki, siku nne hadi miguu ikavimba. Kiwanda kimoja kilikuwa na bodi za ndani ya simu zilizokwisha kutengenezwa kwa soko jingine, na kilinipunguzia dola mbili kwa kila simu nikizichukua kama zilivyo. Nilirudi na sampuli Dar, nikaweka laini, nikatembea nayo kutoka Kariakoo hadi Mbagala. 4G haikukatika hata mara moja. Nikasaini.

Mzigo ulifika, ukasambazwa mikoani. Wiki mbili baadaye wakala wetu wa Kasulu, Kigoma, akapiga: "Kaka, simu zako huku hazishiki 4G, na ya jirani inashika." Nikamwambia azime, awashe. Nikamwambia abadili laini. Siku tatu nilimsumbua mtu mzima kwa kosa langu mwenyewe. Ya nne ndipo nikafungua karatasi ya vipimo na kuisoma mstari kwa mstari: bendi ya 20 haimo. Hiyo ndiyo ya 800 MHz, mawimbi yanayofika mbali kuliko ya 1800, ndiyo maana huwekwa kwenye minara ya vijijini. Mjini simu yangu ilikuwa inashika 1800. Na hapo programu mpya haisaidii kitu, kwa sababu vipande vya redio vya bendi hiyo havikuwekwa kwenye bodi tangu kiwandani.

Nilipanda basi hadi Kasulu kurudisha hela za watu. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja na simu ndani ya boksi lake, risiti imekunjwa mara nne, nailoni ya kioo hajaibandua. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, niliinunua nimwone mjukuu wangu kwa video." Hakugomba. Ningepona haraka zaidi kama angegomba.

2. Oda ya karibu na Mwaka Mpya wa Kichina iwahishe au iahirishe, mafundi wanakuwa wanawahi kwao na mikono inaharakisha.

3. Betri bila ripoti ya UN38.3, ile ya majaribio ya usalama wa betri safarini, usilipe ile asilimia 70 iliyobaki.

4. Chaja ni pini tatu. Iandike kwenye mkataba, usiitaje kwa mdomo tu.

5. IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu, kagua katoni nzima. Waliokuwepo Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima simu bandia, wanajua kwa nini nasisitiza.

6. Kila kikao mnaniambia tujenge kiwanda chetu. Ni wazo zuri, nalitamani kuliko nyie. Lakini mtazameni Transsion, wenye Tecno na Itel. Walianza 2006, wakafungua kiwanda Ethiopia 2011, na kabla ya hapo walishajua kwamba mteja wa huku alikuwa anabeba laini mbili tatu kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. Wakampa simu ya laini mbili. Wakarekebisha kamera ioneshe vizuri sura nyeusi. Wakaweka mafundi wao wa Carlcare ili simu ikiharibika mtu awe na pa kwenda. Sisi hata meza ya fundi Kigoma hatuna, na hiyo inaniuma.

Kijana wa Jumatatu sikumsainia. Nimemkatia tiketi ya basi ya kesho alfajiri. Ana sampuli mbili, laini za mitandao yote, na namba ya mwalimu wangu wa Kasulu, ambaye ameshasema atampokea stendi.