Viendelezi Vikae Ndani ya Mradi, Lakini Visifunguliwe

Mwanzoni mwa Oktoba 2023 nilikuwa Mtwara, nikihamishia mfumo wa ofisi moja kwenye seva mpya. Mfumo wenyewe ulikuwa wa Flask, kiendelezi (yaani maktaba ya ziada) cha lugha ya Python cha kujengea tovuti, umefanya kazi zaidi ya mwaka bila kunisumbua, nami nilidhani ingekuwa kazi ya saa moja. Nilipouwasha, ulikataa kwa mstari huu: cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'.

Katika requirements.txt, faili linaloorodhesha viendelezi vya mradi, nilikuwa nimeandika Flask==2.2.2 nikaona nimejifunga vya kutosha. Kumbe Flask hiyo hutegemea kiendelezi kingine, Werkzeug, na hukubali toleo lake lolote kuanzia 2.2.2 kwenda juu, na tarehe 30 Septemba, siku chache tu kabla ya safari yangu, ilikuwa imetoka Werkzeug 3.0, ambayo iliondoa url_quote. Pip, programu inayosakinisha viendelezi vya Python, ikachukua mpya zaidi, kama ilivyoagizwa. Ofisi ile ilitegemea modemu ya simu, na kifurushi cha data kilikwisha nikiwa bado najaribu toleo moja baada ya jingine.

Kwa hasira nilikimbilia upande wa pili. Nilinakili folda za viendelezi vyote kutoka kompyuta yangu, nikazitia ndani ya lib, kisha nikaweka sys.path.insert(0, 'lib') juu ya faili la kwanza la programu, ili Python itafute humo kwanza. Flask ikaamka, lakini Pillow, kiendelezi cha kushughulikia picha, ikagoma, kwa sababu sehemu zake zilizokusanywa kwa C zilikuwa za Windows (faili za .pyd), ilhali seva ilikuwa ya Linux na ilitaka .so. Tatizo jingine lilijitokeza miezi kadhaa baadaye, nalo lilinichosha zaidi: pip list ilionyesha toleo moja la kiendelezi, nami nikaamini, kumbe programu ilikuwa ikisoma toleo la zamani lililojificha ndani ya lib.

Tangu hapo ninachohifadhi ndani ya mradi ni faili za .whl (wheel) zenyewe, yaani vifurushi vya viendelezi vilivyo tayari kusakinishwa, bila kuzifungua. Kwanza natumia pip freeze, ili requirements.txt itaje matoleo kamili ya kila kitu, pamoja na vile ambavyo sikuviomba mwenyewe, kama Werkzeug na MarkupSafe. Kisha, nikiwa mahali penye intaneti nzuri, natoa amri hii:

pip download -r requirements.txt -d magurudumu --only-binary=:all: --platform manylinux2014_x86_64 --python-version 3.10

Folda naiita magurudumu kwa kuwa ndiyo maana ya jina la Kiingereza la faili hizo, wenzangu wamelizoea. Mfumo wa uendeshaji na toleo la Python ninavyovitaja ni vya seva, si vya kompyuta yangu. Nikifika kwenye seva nasakinisha hivi:

pip install --no-index --find-links=magurudumu -r requirements.txt

Hiyo --no-index ndiyo ya kushikilia. Bila hiyo, pip itatoka kwenda mtandaoni wakati wowote, nawe hutajua kwamba folda yako ina upungufu mpaka siku mtandao utakapokatika.

Kunakili kodi iliyofunguliwa bado kuna mahali pake. Pip yenyewe hubeba requests na maktaba nyingine ndani ya folda ya _vendor, kwa kuwa haiwezi kutegemea kitu ambacho yenyewe ndiyo inayopaswa kukisakinisha. Kwangu mimi sababu inayokubalika ni moja tu, nayo ni pale ninapolazimika kubadili kodi ya kiendelezi. Hapo nakibadilisha jina, naacha faili la leseni mahali pake, na kuandika nimegusa nini.

Gharama ya mpango huu ni kwamba marekebisho ya usalama hayaji yenyewe. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi naendesha pip-audit juu ya requirements.txt nikiwa kwangu, na ikitaja kiendelezi chenye kasoro napakua faili jipya, nafuta la zamani, na kuendesha majaribio kabla ya kupeleka chochote kwenye seva.