Jiwe la mashapo au jiwe la mgongano wa kimondo, unalitambuaje?

Swali: Nimepata jiwe la kijivu limejaa vipande vya mawe mengine vyenye kona kali, vyote vimeshikana. Jamaa mmoja anasema ni la mgongano wa kimondo, mwingine anasema ni mashapo tu, yaani mchanga na udongo vilivyorundikana vikaganda. Nawezaje kujua?

Jibu: Ndugu yangu, kwa macho matupu hata sisi wa kazi hii linatusumbua. Jiwe la vipande vyenye kona tunaliita breksia, na breksia ya mashapo inatokea pale vipande vinaporundikana chini ya mteremko bila kusafiri mbali, ndo maana kona hazijalainika, halafu maji yenye chokaa au silika yanapita humo miaka na miaka mpaka kila kitu kinaganda.

Mi naanza na lenzi ya kukuza mara 10 na sihangaiki na vipande, naangalia kile kinachovishika. Kwenye mashapo utaona mchanga, udongo au chokaa, pengine na dalili za tabaka. Kwenye breksia ya mgongano inayoitwa suevaiti kuna vibonge vya kioo vilivyovutika na kupinda kama lami iliyorushwa ikiwa ya moto, vina vitobo vya gesi. Ila kioo peke yake kisikudanganye, volkano nayo inatoa kioo. Kreta (shimo kubwa la mgongano) ya Ries kule Ujerumani, upana kama kilomita 24, wengi waliihesabu kuwa volkano mpaka 1960 wanajiolojia Eugene Shoemaker na Edward Chao walipokuta koesaiti kwenye suevaiti yake, yaani kwatzi (madini yanayojaa kwenye mchanga wa kawaida) iliyokandamizwa mpaka ikawa madini mengine, na volkano haina ubavu huo.

Ushahidi ninaouamini mimi uko ndani ya punje ya kwatzi. Maabara wanakata kislaisi cha unene wa milimita 0.03 wanakiweka kwenye hadubini. Punje ya mashapo ya kawaida ni safi, ama ina ukungu kidogo. Iliyopigwa na kimondo ina mistari iliyonyooka, sambamba, imebanana chini ya maikroni 10 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kati ya mmoja na mwingine, na mara nyingi makundi mawili matatu yanakatana kwa pembe. Inahitaji mgandamizo wa kama gigapaskali 10, karibu mara 100,000 ya ule wa hewa tunayovuta! Miamba geu ya kawaida, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini, inaiva polepole kwa mamilioni ya miaka, hii imegeuka kabla hujapepesa jicho.

Mfano mzuri kuliko yote ni jiwe la mchanga la Coconino, Arizona, ambako kimondo kilipiga miaka kama 50,000 iliyopita. Jiwe ni lilelile, lakini mbali na kreta punje zina nafasi kati yake, kwenye kreta nafasi zimefungwa kabisa, punje zimepasuka, na vipande vingine vimeyeyuka kuwa kioo cheupe chenye vitobo kama sponji.

Sasa angalia hapa, hata punje yenye mistari haimalizi kesi. Mto unaweza kuibeba ukaiweka kwenye mashapo mapya, mfano punje za zirkoni (madini magumu sana) zilizopigwa na kimondo kule kwenye kreta ya Vredefort, Afrika Kusini, zimepatikana kwenye mchanga wa mto Vaal. Kwa hiyo ukilipeleka maabara andika na ulikolipata, kama ulilivunja kwenye mwamba wenyewe au uliliokota likiwa huru mtoni, maana hilo hadubini haiwezi kuwaambia.